Miaka Minne Niliyojiongezea

Jamaa zangu wa baraza, leo nimejivua nguo mbele ya watu. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwengine yakatiwa chumvi.

Mwaka sabini na nne, nna miaka kumi na mbili, baba alikufa Unguja na skuli nikaiacha siku ile ile. Miaka miwili baadaye nikaja Maskati. Cheti cha kuzaliwa sina. Gereji inataka mtu wa miaka kumi na minane. Karani kaniuliza umri, nikasema kumi na minane. Akazitazama ndevu zangu (zilikuwa tatu, nilizihesabu), akaandika. Kadi yangu inasema hivyo mpaka leo, na sikumwambia mtu. Ndiyo maana barazani kwetu, sote watano, kahawa inaanzia kwangu, Nasor ananiita kaka, na Hamed, kwa kuwa ndiye mdogo, anashika dele na kumimina.

Sasa tuje leo.

Mnamjua Thuraya, binti wa marehemu mwanangu. Skuli wamemrusha darasa mara mbili, kamaliza na miaka kumi na sita. Chuo kimemkubali. Uko msaada wa ada kwa mayatima, haki yake, si sadaka, na leo ndiyo siku ya mwisho. Lakini kila akijisajili kwenye simu anakataliwa, hajatimiza kumi na minane. Wiki mbili anajaribu, wiki mbili hali akashiba. Jana wakampigia, aje ofisini na wali wake, yaani mlezi wa kumsainia. Wali ndio mie.

Saa moja asubuhi tuko pale. Namba thalathini na saba. Viti vya chuma. Goti moja linauma, la pili linamuonea huruma mwenzake. Thuraya kaniambia mara tatu nisaini tu, mengine nimwachie yeye. Nikamwambia anyamaze, mimi nimeanza kusema na makarani baba yake hajazaliwa.

Saa tano ndiyo tunaitwa. Dirishani yupo binti kavaa miwani na barakoa, ana mafua. Kanisalimia kwa Kiswahili cha kwetu, "Shikamoo, baba mkubwa." Nikafurahi, nikaona huyu kalelewa. Akazichukua kadi yangu na ya Thuraya, akasema huyu hajatimiza umri, akainama kutafuta karatasi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi nikaona mlango unafungwa. Nikajisogeza dirishani nimnong'oneze (sikio langu moja halifanyi kazi, kunong'ona kwangu kunasikika barabarani).

"Binti yangu, umri kitu gani? Muongezee miwili. Mimi nilijiongezea minne na hakuna aliyekufa."

Thuraya akanivuta mkono wa kanzu. Wapi, yameshatoka. Ukumbi mzima umesikia. Nusu ya watu mle wanajua Kiswahili, na nusu ya pili walishaanza kutafsiriwa.

Yule binti akashusha barakoa.

"Baba mkubwa, hunijui? Mimi Raya. Wa Nasor."

Nikatamani kukaa, kiti nimeshakiacha kwa mwengine.

Akaendelea polepole, kama anayemfundisha mtoto hesabu. "Kadi yako inasema umezaliwa mwaka hamsini na nane. Kumbe kweli ni sitini na mbili. Baba yangu ni wa sitini." Akanitazama. "Basi wewe si baba mkubwa. Ni baba mdogo."

Kacheka mlinzi. Kacheka namba thalathini na nane. Thuraya, ambaye wiki mbili sijayaona meno yake, kacheka mpaka kachutama.

Kisha Raya akaitoa ile karatasi aliyokuwa akiitafuta. Kumbe asiyetimiza umri husajiliwa na wali wake, kwa saini, pale pale dirishani. Hakuna kuongeza wala kupunguza. Jina la Thuraya limeshapitishwa, linangoja saini yangu tu. Na Thuraya alikuwa akijua tangu jana, ndilo lile alilotaka kuniambia mara tatu. Nikaandika herufi tano za jina langu (ndizo nnazoziamini), Raya akapiga muhuri. Dakika mbili.

Njiani Thuraya akaniuliza, miaka kumi na minne, babu, ulikuwa unalala wapi? Nikamwambia gerejini, chini ya magari. Akanishika mkono mpaka Ruwi.

Hata nyumbani sijafika, Nasor kanitumia ujumbe. "Hata Hamed kakupita mwaka. Kesho njoo mapema, mdogo wangu, kahawa haijimimini."

Nimechoka. Mwenye kucheka acheke leo amalize. Mimi nilianza na ndevu tatu. Leo nna gereji moja Wadi Kabir, fleti mbili Ruwi, mitende kumi na moja Qurayyat na mjukuu mmoja chuoni. Na dele la kahawa, kuanzia kesho.