Magoti ya Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu anataka kuolewa. Ametamka asubuhi nikiwa na pini nne mdomoni. Nusura nimeze moja!

Mwanamume ana miaka thelathini na miwili, anafanya kazi hospitali, nadhani ni karani, na jina lake la kawaida. Hapo ndipo penye tatizo. La kawaida mno! Linaweza kuwa la upande wetu, linaweza kuwa la upande wa pili. Wazazi wengine hawafikirii kabisa wanapowapa watoto majina.

Nikafungua kinywa kuuliza. Binti akaniwahi. Akasema ananijua. Nikimuuliza huyo mtu habari za dini yake, mwenyewe au kwa kumtuma mtu, watakwenda kwa msajili wa ndoa wao wawili tu, nami nitasikia kwa majirani. Hajawahi kuniambia neno zito namna hiyo. Nimemlea mimi baba yake peke yangu tangu ana miaka tisa. Sare zake zote za shule nilishona mimi, pindo nikiacha refu ili niliteremshe kila mwaka. Sitaki kusikia habari zake kwa majirani.

Nimeapa sitauliza. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Lakini lazima nijue.

Niandike hapa, maana hakuna atakayesoma: mimi si mbaguzi. Mwenzangu wa dukani ni wa upande wa pili. Tumeshona katika chumba kimoja, hapa mbele ya nyumba yangu, miaka kumi na tisa, cherehani yake dirishani, yangu mlangoni, pasi moja kati yetu, na sijawahi hata siku moja kumwambia kwamba amepotea. Kikombe chake nakiosha mara mbili tu. Nani mwingine angevumilia hivyo?

Jumanne, 5 Machi

Nimepata njia! Sikulala vizuri, lakini nimepata.

Suruali. Miaka thelathini na moja ya kushona imenifundisha kwamba suruali ni shahidi. Karani huchakaa makalio. Dereva huchakaa paja. Mwenye wasiwasi huchakaa mifuko kwa kuingiza na kutoa mikono. Na mwenye ibada huchakaa magoti. Mwenyewe atasema lolote. Suruali haina mdomo wa kudanganya.

Nikamwambia Binti kwamba kama njia ya kumkaribisha mwenzake nyumbani, alete suruali zake za kazi nizirekebishe. Akanikumbatia. Akasema alijua moyoni kwamba nitaelewa. Nikajisikia vibaya kidogo, hadi mchana hivi.

Mama yangu alicheka bila kusema kwa nini. Anakaa kwenye kiti pembeni ya meza ya kukatia. Tangu kisukari kimle mguu mwaka juzi, kazi zake ni mbili: kushona vifungo na kunicheka. Nimemshonea magauni sita marefu, yanagusa sakafu, pasionekane kitu. Kliniki anapelekwa na Binti. Siku hizo mimi huwa na kazi nyingi sana.

Jumatano, 6 Machi

Zimekuja suruali mbili. Nikafunga mlango, nikazitandaza mezani.

Magoti yamelika! Yote manne! Nyuzi zimebaki wazi, unaona meza kwa chini. Sijaona magoti ya namna hii hata kwa kiongozi wetu wa ibada, ambaye nimemshonea miaka kumi. Huyu mtu haombi tu, huyu anaishi chini! Machozi yalinilengalenga. Mkwe mcha Mungu. Na mtu wa ofisini wala hachakai magoti kwa kazi, anakaa tu anaandika majina ya wagonjwa.

Mwenzangu akaingia. Nilisahau ana ufunguo. Akaziangalia, akavaa miwani, akanishika mkono kwa furaha. Akasema hongera, binti amepata mtu wa kwao. Wa kwao! Nikamwonyesha: zimelika katikati ya goti, ndivyo tunavyolika sisi. Akaniambia niangalie vizuri, zimelika chini kidogo ya goti, ndivyo wanavyolika wao. Nikaleta futi. Akaleta yake. Tukapima. Futi zetu hazikukubaliana.

Akavaa suruali moja juu ya yake, akapiga magoti sakafuni kunithibitishia. Nikavaa ya pili nikapiga na mimi. Mteja aliyefuata gauni lake alitukuta hivyo, tunatazamana kama majogoo. Akasema atarudi kesho.

Mama alicheka mpaka kifungo kikamponyoka. Nikamuuliza anajua nini. Akasema anajua mengi, shida ni kwamba simuulizi.

Ijumaa, 8 Machi

Kesho mchumba anakuja kula. Binti amenikumbusha kiapo mara tatu. Nimemjibu kwa unyenyekevu mara tatu.

Mpango uko tayari. Sitamuuliza chochote. Nitamwomba, kwa heshima ya mgeni, atuongoze katika dua kabla ya chakula. Kumwomba mtu aombe si kumuuliza mtu. Neno lake la kwanza tu litanitosha. Hata hakimu hawezi kunitia hatiani.

Nimemwalika na Mwenzangu, awepo ashuhudie akishindwa. Amenyoa ndevu kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika.

Mchumba alikuja mapema. Mpole, viganja vigumu kuliko nilivyotarajia kwa karani. Alimwamkia Mama kwanza, akakaa karibu yake, wakanong'onezana kama watu waliozoeana. Sikutilia maanani. Meza imejaa, mvuke unapanda, sote tumenawa. Nikasimama. Nikasema kwa sauti tamu kwamba kwa kuwa mgeni ni baraka, namwomba atuombee.

Binti aliweka kijiko chini. Taratibu sana.

Mchumba akanitazama, akamtazama yeye, akasema ananishukuru kwa heshima hiyo, ila asingependa kuanza kwangu kwa uongo. Yeye hana dini. Hakulelewa nayo, na alipokua hakuikuta. Lakini sisi tukiomba atakaa kimya pamoja nasi, kwa furaha.

Hana! Si ya kwetu, si ya kwao. Hana kabisa! Mimi na Mwenzangu tulitazamana, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa tulikuwa na uso mmoja. Kisha mdomo wangu ukafanya kazi bila mimi. Nikasema hata mwizi ana dini yake. Nikasema mtu wa hivyo, siku akitaka kumtupa binti yangu, atamwogopa nani?

Masikio ya Mchumba yalikuwa yamewiva. Binti akasimama, akaingia chumbani, akatoka na mkoba. Akasema sikumuuliza, ni kweli, nimetimiza kiapo. Nimwekee chakula chake. Akaenda kwa rafiki yake mwalimu mwenzake. Mchumba akamuaga Mama, akaniaga na mimi, akatoka.

Chakula kilipoa. Mama alikula chake chote, kwa hasira.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba kimya. Kandambili za Binti ziko mlangoni, moja imepinduka. Nimeiweka sawa. Nikaona zinaonekana kama za mtu aliyeondoka, nikaipindua tena.

Mwenzangu alikuja kunipa pole. Akasema afadhali kijana angekuwa wa kwetu. Nikasema afadhali angekuwa wa kwao. Tulimaanisha, angalau kwa robo saa. Akaosha vikombe. Kile changu akakiosha mara mbili! Kumbe na yeye. Miaka yote hii!

Suruali bado ziko mezani. Magoti yale. Kama haombi, anapiga magoti kwa nani? Mwenzangu anadhani ni kamari. Mimi nadhani anachungulia kwenye matundu ya funguo.

Jumanne, 12 Machi

Nilikuwa nakata kola pale mlango ulipogongwa. Mchumba! Na boksi refu kwapani. Nikajua amekuja kunitukana, na nikajua nitamwacha amalize, maana nimestahili.

Hakuja kwangu. Akasema alimwahidi Bibi kuja Jumanne, na leo ni Jumanne.

Akafungua boksi. Mguu! Mguu wa bandia, na mikanda yake, na kiatu kabisa kinachofanana na cha Mama cha kulia. Huyo si karani. Ndiye anayetengeneza miguu pale hospitali. Mama ameshapimwa mara nne. Nikamuuliza Mama kwa nini hakuniambia. Akasema si nilikuwa na kazi nyingi.

Kijana akapiga magoti.

Palepale, kwenye sakafu ya saruji, mbele ya kiti. Akapandisha gauni lile refu nililolishona mwenyewe, hadi juu ya goti, kwa adabu, na nikakiona kigutu cha mama yangu. Mwaka mzima na nusu nimekikimbia. Si kitu cha kutisha. Ni mguu wa Mama, umeishia mapema tu. Akamvisha ule wa bandia. Mama akakunja uso. Kijana akauvua, akausugua msasa kwa ndani, akamvisha tena. Akauvua. Akatafuta chaki ya kuweka alama panapobana, akaikuta imevunjika, akageuka akaniomba ya kwangu.

Chaki! Anaweka alama, anavua, anapunguza, anajaribisha. Kazi yangu ileile. Nilimpa ile ya buluu, ambayo Mwenzangu hata kuigusa simruhusu.

Akanieleza kwamba anahitaji mtu wa kumshika Bibi mguu mwingine usiteleze. Nikapiga magoti na mimi. Tulikaa pale chini saa nzima, vichwa karibu kugongana. Hakusema lolote juu ya Jumamosi. Nilipomtazama magoti, nikaona suruali ya tatu, nayo imeanza kulika, chini kidogo ya katikati. Mimi na Mwenzangu tulikosea wote wawili, ila yeye alikaribia zaidi.

Mama akasimama. Akashika meza ya kukatia, kisha akaiachia. Hatua tatu, hadi kwenye cherehani yangu. Akaigonga kwa kiganja kama anavyowagonga watoto mgongoni. Nililia, sioni aibu kuandika. Mwenzangu alilia pia, akasema ni mvuke wa pasi. Pasi ilikuwa baridi.

Baadaye Mama akaniambia jambo moja, bila kunicheka. Kwamba siku ya kwanza kijana alipokishika kigutu chake hakumuuliza anaomba wapi. Alimuuliza panauma wapi.

Jumatano, 13 Machi

Nimetia viraka kwenye magoti. Kwa ndani, kitambaa kizito cha makoti, mishono miwili miwili, na pamba nyembamba katikati kwa ajili ya saruji. Sijawahi kushona kiraka kizuri namna hii. Havionekani kabisa kwa nje. Vitadumu miaka kumi.

Nikazipeleka suruali shuleni kwa Binti, nikasubiri getini hadi kengele. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote. Nikampa tu mfuko. Akaingiza mkono kwenye suruali, akapapasa magoti, akapapasa tena. Nikasema hata kwa msajili wa ndoa nitakuja, kama watanitengea pa kukaa. Nikasema nilimtukana mtu mwema mezani kwangu na nitamwambia mwenyewe.

Akasema niteremshe na pindo, mwenzake ni mrefu. Kisha akanishika mkono mbele ya wanafunzi wake wote. Amerudi nyumbani. Kandambili zimevaliwa.

Mchumba nimemwomba radhi. Akasema yamekwisha, Baba. Baba! Nimejifunza somo kubwa sana maishani. Mtu aachwe na moyo wake. Sitaingilia tena.

Alhamisi, 4 Aprili

Harusi keshokutwa, kwa msajili, mbele ya meza na muhuri. Nimekubali kabisa. Koti la bwana harusi tumelishona wawili: mwili mimi, mikono Mwenzangu, maana kwa mikono ananishinda, na hilo hatalisikia kutoka kwangu.

Kuna jambo dogo. Juzi, ndani ya bitana, upande wa kushoto, nilishonea karatasi ya dua. Fupi. Imekunjwa mara nane. Si kumwingilia, ni kama kiraka tu.

Leo akaja kujaribisha. Akavaa, akatembea hatua tatu akijisikiliza, kama anavyowatazama wagonjwa wake. Akasimama. Akasema koti linavuta kulia. Kulia? Akapapasa kushoto kwa vidole viwili. Akapapasa kulia. Akatutazama. Mimi nikaitazama pasi. Mwenzangu akalitazama dari.

Akasema koti ni zuri na hatafumua kitu. Anaomba tu pande zote ziwe na uzito mmoja, kwa sababu kila siku anawaona watu wanaotembea wakielemea upande. Akalivua, akatuachia, akambusu Mama mkono, akaenda zake.

Nikafumua kulia. Dua ya Mwenzangu! Kurasa mbili, pande zote! Nikamwita majina ambayo sitayaandika. Akafumua yangu. Kisha tukasoma. Yake inaanza na jina la binti yangu, kabla hata ya majina ya watoto wake. Sikuweza kuichana. Hata yeye hakuichana yangu.

Tukakubaliana kiungwana. Karatasi moja, tumeikata katikati kwa mkasi mmoja. Mistari saba kila mtu, si zaidi. Tukapeana mikono, Mama shahidi.

Nimemaliza yangu sasa hivi. Mistari ishirini na mmoja. Kalamu nyembamba, herufi kama mchanga. Uzito uleule! Hakuna atakayejua.

Mwenzangu amekaa dirishani, ameipa meza mgongo. Ameazima miwani ya Mama, akavaa juu ya ile yake. Sijui mistari saba inamshinda nini.