Ini Langu na Samaki wa Usi

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Mwaka na mwezi tangu nitoke Kasulu kuja kisiwani kwa kazi ya ujenzi.
Miguu imekufa ganzi juu ya jukwaa. Nusura nimwangukie mtalii! Msimamizi wetu, Fundi Mbarouk, kanipeleka hospitali. Daktari, Bi Nadra, kasema nimepungukiwa vitamini B12, ndiyo maana mafuta yamejazana kwenye seli za ini. Hayachomwi, hayatoki. Nimeelewa: ghala limejaa, mahamali wamegoma. Kauliza nakula nini. Muhogo wa kukaanga, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Kashika kichwa. Kaandika samaki, mayai, na sindano sita za makalio. Samaki nitakula. Sindano, thubutu!

Nafasi yangu ya kupaka chokaa juu kapewa mwenzangu Usi. Mimi nachekecha chokaa chini. Fundi kasema nisipopona upesi, nirudi kwetu.

Jumanne, 6 Agosti.
Tangu Agosti ianze, mchana tunakula sinia moja. Mpishi wetu, Bi Salhiya, hugawa samaki mwenyewe, kila mtu kipande kimoja. Nikamnong'oneza kuwa Usi akila samaki huvimba midomo, ila anaona haya kusema. Kipande chake nitamsaidia kukila mimi. Kasema, "Maskini, mwanangu!" Safi!

Jumatano, 7 Agosti.
Kipande cha Usi nimepata. Kichwa. Usi kaletewa sahani yake peke yake: mayai mawili na maini ya ng'ombe. Maini! Nikauliza, na mimi je? Bi Salhiya kasema, "Wewe si una samaki wawili, baba?" Usi anatafuna tu. Hajui kwa nini anapendwa.

Alhamisi, 8 Agosti.
Bi Salhiya kamwambia Fundi kuwa Usi mgonjwa. Fundi kamteremsha! Nimefurahi nusu saa. Kapanda Makungu, mgeni wa juzi kutoka Makunduchi. Usi anachekecha chokaa kando yangu, na keshajua nani alisema. Vumbi lote analielekeza machoni mwangu. Fundi kaapa: bila sindano, kesho nifunge mizigo.

Ijumaa, 9 Agosti.
Nimechomwa. Bi Nadra kasema watoto wa chanjo hulia kwa adabu kuliko mimi. Zimebaki tano. Ini litataka miezi. Miezi!

Jumapili, 11 Agosti.
Ganzi imepungua. Kile kichwa cha samaki kimefanya kazi! Kwa sindano hawanioni tena. Kesho nitamweleza Bi Salhiya kwamba Makungu, maskini, mayai humtoa vipele. Jumatano nipo juu ya jukwaa. Mke wangu nimempigia simu: Desemba narudi, ini jepesi kama karatasi.