Saa Tisa ya Mjerumani

Jumatatu, 4 Agosti 1902. Manundu.
Sindeni nzima hakuna msomi kunizidi mimi, Sadala. Miezi minne shuleni! Mwalimu alinifukuza, nadhani alihofia kiti chake. Sasa niko hapa Manundu, Korogwe, kwa mjomba, nimemleta Bibi Chausiku. Anataka kuona gari la moshi kabla hatujarudi kwetu Alhamisi. Kulisogelea hataki, aliangalie kutoka kilimani, kwa heshima. Nimemwambia mimi nimeliona mara mia. (Bado. Lakini nimeliwaza sana.) Nimesoma ubao wa stesheni: Jumanne na Alhamisi, saa 9. Binamu yangu Mdoe, mchukuzi wa pale, akataka kunieleza kitu. Nikamwambia abebe mizigo, kusoma aniachie.

Jumanne, 5 Agosti.
Asubuhi tuling'oa muhogo shamba la mjomba, mbali. Saa nane tukapanda kilima. Ajabu! Mji wote ungeufunika kwa ungo. Mabati yanawaka, mto umejikunja, reli ni mistari miwili iliyonyooka kuliko yangu yote ya shuleni. Bibi akauliza gari linakula nini. Kuni. Likishiba linalala wapi? Nikasema swali zuri.
Saa tisa, kimya. Saa kumi, mbuzi tu.
Jioni Mdoe kacheka hadi kakaa chini. Saa tisa ya Mjerumani ni saa tatu yetu ya asubuhi. Lilipita tukiwa kwenye muhogo.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimemweleza Bibi kwamba Wajerumani ndio waliokosea. Siku yao inaanza usiku wa manane! Nani huanza siku amelala?
Hakubisha. Alisugua magoti, akasema, "Mjukuu wangu, haya yamebakiza kilima kimoja tu."
Sikula vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti.
Tulipanda baada ya alfajiri. Saa tatu, moshi! Bibi akasimama bila fimbo. Likapiga filimbi, kilima kikatetemeka. Bibi alicheka mpaka machozi. Akasema, "Kumbe jembamba hivi! Na linavyojidai!"

Jumamosi, 9 Agosti. Sindeni.
Uani pamejaa watu. Nimewaeleza yote: magurudumu, moto, pembe mbili za mbele. Kwenye pembe Bibi alikohoa, akaniangalia sana. Mwezi ujao nawapeleka vijana kumi kilimani, niwafundishe kuangalia.
Humu tu naandika: filimbi ilipolia nilifumba macho. Nilipoyafumbua, gari lilikuwa limeshazama nyuma ya miti.