Mtandao wa Usawa Uliozinduliwa Miembeni

Wifi yangu mpendwa Joviana,

Yesu Kristo asifiwe huko uliko. Habari za kisiwani? Kifua kimepona, au moshi wa kubanikia samaki bado unakukohoza? Mimi sijambo, goti tu ndilo linalonisumbua nikienda misa ya kwanza. Mvua imenyesha vizuri na migomba imesimama, hata ya kwako, ingawa anayekata ndizi zake sasa ni kaka yangu Elieza. Unajua ninavyoumia kulisema hilo. Yeye ni damu yangu, na wewe ni mjane wa kaka yetu aliyetutoka, na ni rafiki yangu tangu siku ulipoletwa kwetu.

Uliniomba nikueleze jinsi binti yako Stellah alivyopokewa pale Miembeni, Bukoba, siku ile ya uzinduzi wa mtandao wa usawa. Nilirekodi hotuba yote kwa simu, na kwa kuwa sauti huko kwenu hazifunguki, nimekaa na kalamu nikaiandika. Yaliyotokea ukumbini nimeyaweka katika mabano. Tumaini letu lilikuwa moja tu: Stellah na wenzake wanafunzi wapewe nafasi ya kusoma ombi lao, kwamba kibanja cha marehemu, migomba na mibuni yake, kisigawiwe bila mjane na mabinti kuwepo na kusikilizwa, na mtendaji wetu wa kata, Bwana Mashimba, aitikie mbele ya watu. Ndiye atakayeongoza kikao cha kibanja chako Jumamosi ijayo, na siku ile alikuwa meza kuu.

Mgeni rasmi alikuwa Ndugu Ildefons Ndyamukama, Mratibu wa Masuala Mtambuka. Cheo hicho usiniulize maana yake, wifi, hata waliompigia makofi hawakuijua. Alisema hivi:

Mheshimiwa mwenyekiti wa shughuli hii. Mheshimiwa makamu wake ambaye ameshindwa kufika. Mheshimiwa mwakilishi wa makamu ambaye naye yuko njiani. Waheshimiwa madiwani wa sasa, wastaafu na watarajiwa. Ndugu watendaji wa kata na wa vijiji. Viongozi wetu wa dini mnaotuombea na sisi tunaowaletea mambo ya kuombewa. Wazee wa koo zote bila kusahau ukoo wangu. Mabwana wenye kahawa na mabibi wachuma kahawa. Wanafunzi wa kiume mlioketi hapa mbele, na wanafunzi wa kike mlioko jikoni ambao harufu ya kazi yenu tumeanza kuisikia. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ihesabike kwamba imezingatiwa. (Makofi. Stellah alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, aproni kiunoni, karatasi mkononi.)

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, na unyenyekevu mkubwa ambao wote wanaonifahamu wanausifu, kuzindua rasmi Mtandao wa Wanafunzi wa Kuhamasisha Usawa wa Kijinsia katika Sera za Umma, mtandao ambao ni wa kwanza katika wilaya hizi mbili za Bukoba na Muleba, wa pili katika ukanda wa ziwa, na ambao kimataifa unashika nafasi ambayo wataalamu bado wanaitafuta. (Makofi.) Mtandao huu haukuanguka kutoka mbinguni. Umetokana na mchakato, na mchakato huo umetokana na michakato, na mimi katika nafasi yangu nimeichakata yote kwa mikono yangu hii miwili bila kuchoka. (Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Umechakata nini, waitu, ndugu yetu?" Akanyamazishwa.)

Kabla ya kuanza, tulifanya tafiti. Tafiti zimebaini kwamba hapa kwetu wanawake ni asilimia hamsini na mbili ya wananchi wote, wanaume ni asilimia hamsini na saba, na waliobaki ni vijana. (Kicheko huko nyuma.) Msicheke, takwimu hazichekwi. Tafiti zimebaini pia kwamba mwanamke wa Kanazi huamka kabla ya jogoo, huteka maji, hupalilia mibuni, huchuma kahawa, huianika na kuianua mvua ikija, na baada ya hapo mume wake, kwa moyo wa kujitolea, huichukua na kwenda kuiuza yeye mwenyewe, bila kumsumbua mama wa watu kwa safari ndefu. Huo, ndugu zangu, ndio ushirikishwaji ambao wenzetu wa nje wanaulilia. (Wanaume wakapiga makofi. Bibi Kokwijuka wa Kanazi, ambaye majirani wote wanamjua kwa mdomo, akasema, "Na akirudi amelewa, huo nao ni ushirikishwaji?" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mgeni rasmi alisubiri, akajifuta paji la uso.)

Bibi, hoja yako ni nzuri na itaingizwa kwenye kikapu cha hoja. Naendelea. Ili kujifunza usawa huo kwa vitendo, ofisi yangu iliunda ujumbe wa wataalamu tukasafiri kwenda nchi za mbali kuona wenzetu wanafanyaje. Tulikwenda wanaume tisa. Alipaswa kwenda mwanamke mmoja, na jina lake lilikwisha kupitishwa, lakini mume wake, ambaye ni mimi, alitafakari kwa kina akaona watoto hawana wa kubaki nao. (Wanawake wakaanza kuguna, mguno mmoja mrefu kama wa nyuki.) Na kule tulijifunza mengi. Tulijifunza kwamba neno ni stekiholda, tulijifunza rodimapu, tulijifunza impakti, na tulipewa mikoba ya kubebea maneno hayo.

(Hapa binti mmoja alitoka jikoni na glasi ya maji, akapiga magoti kumpa, kama mabinti zetu wanavyofundishwa.) Ahsante, binti. Mnamwona huyu? Amepiga magoti. Hakulazimishwa. Usawa wa kweli, waheshimiwa, haumzuii mtu kupiga magoti, ila unamhakikishia kwamba sakafu ni safi. (Makofi ya meza kuu.)

Sasa nije kwenye jambo ambalo litaandikwa katika historia ya mkoa huu. Ninyi nyote ni mashahidi kwamba kwa mila zetu, senene walikamatwa na akina mama, wakanyonyolewa mabawa na miguu na akina mama, wakakaangwa na akina mama, na wakaliwa na akina baba. Hatulaumu mtu, kila mmoja alikuwa na kitengo chake. Lakini dunia inabadilika, na kwa hiyo leo hii, kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi Mkakati wa Pailoti wa Senene, ambapo mwanamke yeyote mwenye umri wa utu uzima, akiwa na ridhaa ya kaya yake, ataruhusiwa kuonja senene kwa awamu. (Wanawake wote wakaangua kicheko, wengine wakipiga mapaja. Bibi Kokwijuka akasimama kabisa: "Bojo, tafadhali baba, sisi tumeanza kula zamani! Unadhani aliyekuwa jikoni na kikaango alikuwa anaangalia tu?" Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi.) Tulieni! Tulieni, akina mama. Kama mmekuwa mkila kabla ya mkakati, basi mmekula nje ya utaratibu, lakini serikali ni sikivu, tutalihalalisha na lile lililokwisha kuliwa.

(Wakati huu Stellah alitoka mlangoni akaja katikati ya ukumbi. Akasema kwa adabu, "Samahani mheshimiwa, kwenye ratiba sisi wanafunzi tulikuwa na nafasi ya kusoma ombi kuhusu wajane na vibanja. Ni fupi.") Binti yangu, nimekuona, na nimefurahi kukuona, na kuonekana kwako ni sehemu ya mafanikio yetu. Lakini jambo la vibanja ni jambo la koo, na jambo la koo ni zito, haliwezi kuzungumzwa katika shughuli ya usawa, litatuharibia usawa. Rudi ulipokuwa, zamu yako itafika. (Wavulana wa mbele wakasema kwa pamoja, "Huyo ndiye katibu wetu!") Nanyi mtulie, mfuate hotuba inavyokwenda. (Nilimwangalia Mashimba. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilishika rozari ndani ya mfuko, wifi, na kidole changu hakikusogea hata punje moja.)

Ahadi zangu kwenu ni nyingi lakini zinatekelezeka. Katika kila kamati ya ardhi tutaweka kiti cha mwanamke. Nimesema kiti. Suala la mwanamke wa kukikalia litafuata katika awamu ijayo, kwa sababu huwezi kumleta mtu kabla hujamwandalia pa kukaa. Katika kila shule tutaunda dawati la usawa, na fundi wa dawati ameshatambuliwa. Katika visiwa vyetu vya Muleba, ambako wavuvi na wauza samaki kutoka kila upande wanaishi kwa kuhamahama, tutapeleka semina, na kama boti haitapatikana, tutaifanyia semina hiyo huku nchi kavu kwa kuelekea upande wa visiwa. (Makofi machache. Njaa ilikuwa imeingia.)

Kwa kumalizia, na huku ndiko kumalizia kwa mwisho, naomba nitoe shukrani. Nawashukuru wafadhili wa mtandao huu, ambao tutaanza kuwatafuta. Naishukuru ofisi ya mtandao na watumishi wake wote, ambao wataajiriwa ofisi ikishajengwa, na itajengwa kiwanja kikishapatikana. Namshukuru mratibu wa mtandao, ambaye kwa kukosekana mwingine mwenye sifa ni mimi. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wanachama wa mtandao, vijana shupavu, ambao hawapo, kwa sababu, tuwe wakweli mbele ya viongozi wa dini, mtandao wenyewe haupo. Tulichozindua leo ni uzinduzi. (Watu wakatazamana. Stellah, ambaye hakuwa amerudi jikoni, akasema, "Mheshimiwa, sisi tupo. Tumetoka shule za Bukoba na Muleba, tunakutana tangu mwaka jana, tunaingia kwenye vikao vya vijiji na kuuliza maswali.") Binti, unanikatisha kwenye shukrani. Nyinyi mpo kama watu, lakini kwenye andiko hampo. Mtakapokuwepo mtaarifiwa kwa njia sahihi.

Usawa juu! (Juu! kwa unyonge.) Mchakato juu! (Meza kuu peke yake.) Senene kwa wote! (Juu! Juu! kwa kelele kubwa kuliko zote.) Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Chakula kiko tayari. Wanaume tusogee, akina mama gaweni.

Hapo ndipo ilipoishia hotuba, wifi, na karatasi ya Stellah haikusomwa. Lakini usifunge barua bado.

Wanafunzi wa kike walipangwa nyuma ya meza kugawa ndizi na maharage, na Stellah alipewa upawa wa ndizi. Foleni ikaja, wakubwa mbele. Mgeni rasmi akapita, akawekewa sahani ikajaa, akaenda zake. Kisha akafika Mashimba, sahani mbele. Stellah akachota, akaushikilia upawa juu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni binti wa Joviana, yule mjane wa kibanja cha Jumamosi. Mama atasikilizwa au hatasikilizwa?"

"Marahaba. Niwekee kwanza, binti, watu wanangoja."

"Nakuwekea, mheshimiwa. Nijibu tu."

"Hayo mambo si ya hapa."

"Ukumbini tuliambiwa si ya pale. Sasa ni ya wapi?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mpaka mlangoni, watu wanasukumana na sahani tupu. Bibi Kokwijuka akapaza sauti, "Mjibu mtoto, Ta Mashimba! Ndizi zinapoa na sisi tunazeeka!" Wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka wakawa wanangoja kweli. Na Elieza alikuwepo, wifi, watu wawili nyuma ya mtendaji. Nilimwona akitaka kutoka kwenye foleni, njaa ikamrudisha.

Mashimba akatazama huku na huku. Akasema, na nimeyasikia kwa masikio yangu, "Akija mwenyewe, atasikilizwa wa kwanza, kabla ya ukoo. Asipokuja siwezi kumsikiliza mtu aliye kisiwani."

Stellah akamwekea ndizi. Akamwekea vizuri, na maharage juu, akamwambia ahsante. Baadaye tuliosha sufuria pamoja.

Sasa wifi, Elieza anatembea akisema hutakuja, kwamba una aibu, kwamba mwanamke aliyekwisha kuzoea kisiwa harudi kupiga magoti mbele ya ukoo. Mimi nimemwambia hutapiga magoti, utakaa kwenye benchi, na mimi binti wa ukoo nitakaa ubavuni mwako, nami nitasema ninayoyajua: nani alipanda ile mibuni na nani alimuuguza kaka yetu mpaka mwisho. Alinikasirikia, hanisalimii sasa. Nimelia kidogo, nimesali, nimeamua.

Njoo na boti ya Alhamisi, kitanda chako nimekitandika. Baba paroko amesema atatuwekea nia katika misa ya Jumamosi asubuhi. Kikao kinaanza mara tu baada ya misa, na Mashimba hawezi kujificha, watu wengi walimsikia.

Mpe majibu huyohuyo aliyekuletea barua hii, anarudi huku kesho yake. Nijibu upesi, wifi, kama unakuja.

Wako katika Kristo,
Edvina