Jinsi Fanueli Alivyolazwa Usingizi Mgongoni mwa Babu Yake

Sogeeni, enyi wa pwani na enyi wa milimani, mlao wali na mlao makande! Tueni majembe na vikapu vyenu, mnyamaze kama wanyamazavyo waumini mchungaji anapotafuta miwani yake. Kwa maana nitawasimulia tendo ambalo halikupigiwa baragumu wala halikutangazwa redioni, ingawa lilistahili yote mawili. Wengine wamesimulia jinsi ngome zilivyobomolewa na wafalme walivyopinduliwa. Mimi Nathanaeli, mwalimu mkuu mstaafu wa Kisauni, Mombasa, mshika bakora, mnyosha mistari, mtu ambaye hakuna mwanafunzi aliyepata kumwona bila tai shingoni, nitasimulia jinsi nilivyomlaza mtoto mchanga.

Msicheke. Wakati wa kucheka utafika.

Yalitukia katika miaka ile Azimio la Arusha lilipokuwa bado jipya, nasi tulikuwa wageni katika mji wa Lushoto. Mkwe wangu, fundi wa simu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, alihamishwa kutoka Mombasa akapandishwa milimani. Binti yangu Yudith akapata kazi ya uuguzi hospitalini. Na mimi, niliyekwisha kufiwa na mke, nikaitwa niwafuate ili wajukuu wasikue bila Kiswahili. Nikavuka mpaka pale Horohoro na sanduku moja, nikapanda ile barabara ya kutoka Mombo ijipindayo kama nyoka mwenye msokoto wa tumbo, nikafika juu meno yakigongana kwa baridi. Mlangoni nikawakuta Esta, mwenye umri wa miaka minne, akimgombeza nduguye Fanueli kwa Kishambaa safi. Sikuelewa hata neno.

Basi nikaona nimetumwa kuwastaarabisha watu. Nilisikia watoto wa jirani wakiniamkia kwa kunong'ona, shikamoo ikitoka puani kama mafua, nikasimama langoni na kuwafundisha. "Shikamoo isiyosikika ng'ambo ya kijito," nikawaambia, "ni tusi." Wakarudia hata ikasikika. Wazazi wao, ambao katika milima hii huishika heshima kuliko hata sisi wa pwani, wakaona neno langu ni jema, nao wakaanza kuniamkia kwa vifua vyao vyote. Kila nilipopita njiani zililipuka shikamoo kama mizinga ya kumkaribisha gavana, nami nikaitikia marahaba na kutembea kama gavana mwenyewe. Kumbukeni jambo hili, kwa maana silaha niliwagawia mimi.

Hata ikawa Yunis, msichana aliyemlea Fanueli, ameitwa kwao Mgwashi kusaidia mavuno. Na sisi wenye elimu hatukuwa tumetambua kwamba Yunis, kwa desturi ya kwao, hakupata kumlaza mtoto yule kitandani hata mara moja; alimfunga mgongoni, akafagia naye, akapika naye, akachota maji naye, na mtoto akalala. Kitanda cha vyuma alichonunuliwa na baba yake alikijua kama mahali pa kutupia viatu. Yunis alipoondoka, usingizi ukaondoka naye. Fanueli akalia asubuhi, akalia jioni, na Yudith, aliyekuwa zamu ya usiku, akirudi nyumbani mchana hapati hata lepe.

Jumamosi ile alirudi macho mekundu kama pilipili za Soni. Akaketi jikoni bila kuvua sare yake.

"Baba," akasema, "usiku nilisinzia nimesimama, nimeshika kikombe cha dawa. Nilipozinduka nilikuwa mbele ya kitanda kisichokuwa cha mwenye dawa ile. Mgonjwa ameshafumbua mdomo."

"Ukampa?"

"Sikumpa. Lakini leo usiku ninaingia tena, na sijiamini." Akafuta uso kwa kiganja. "Nipatie usingizi, Baba. Hata wa saa chache. Baba yake yuko kijijini Zirai na waya zake za simu, sina mwingine."

Nami nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikanena, "Binti yangu, nenda kalale. Mtu aliyenyamazisha madarasa sita kwa kukohoa hatashindwa na raia mmoja asiye na meno."

"Anayo manne," akasema Esta.

Yudith akaingia chumbani, akafunga mlango. Vita vikaanza.

Kwanza nilimkemea, akalia. Nikamwimbia tenzi za kanisani kwa besi yangu mashuhuri, akalia kwa sauti ya kwanza. Nikampigapiga mgongoni kwa taratibu zote za kisayansi, naye akanitapikia tai. Esta alikuwa ameketi juu ya debe akila ndizi, akitazama kama mtazamaji wa mpira aliyelipa kiingilio.

"Babu, anataka mbeleko."

"Mwanamume habebi mtoto mgongoni."

"Basi atalia."

Kitanda cha Yudith kikalia kwirr nyuma ya mlango. Nikaelewa kwamba mji uko karibu kuanguka. Nikatia kufuli mlango wa nje, nikateremsha mapazia, nikafungua kasha la leso, ambazo wenyeji wa huku huziita kanga.

Hapo, wasikilizaji wangu, nikatenda kosa ambalo ni mtu wa Mombasa tu awezaye kulitenda. Nikaanza kuzisoma. Maana kwetu leso ni kinywa, wala mtu mzima hajifungi maneno asiyoweza kuyatetea barazani. Ya kwanza iliandikwa, "Jirani acha umbeya, changu hukiwezi." Nikaitupa. Ya pili, "Ukimpenda bosi nimeshampata mimi." Nikaikunja haraka, nikashangaa binti yangu ameipata wapi. Ya tatu sitaitaja mbele ya watoto. Fanueli alikuwa amebadilika rangi kwa kilio, na babu yake bado anapekua kasha kama mkaguzi wa shule, hata nikaipata moja ya zambarau isemayo, "Mungu hamsahau mja wake." Hiyo, nikasema, naweza kuitetea.

Nikainama kama msikitini, Esta akamsukuma nduguye kupanda mgongoni. Jaribio la kwanza, akateleza hadi kwapani, akaning'inia kama mkoba wa tarishi. La pili, miguu ilitokea mahali nilipotarajia kichwa. La tatu nikaikaza leso, nikaipitisha chini ya kwapa, nikafunga kifuani fundo lile nililojifunza katika skauti, na nilipoinuka, lo! Mtoto alikaa. Nikatembea kutoka jikoni hadi sebuleni, na kutoka sebuleni hadi jikoni. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa mguno, na shavu la moto likalala katikati ya mabega yangu. Nikasimama kidogo ili nifurahie ushindi, akaguna. Nikatambua masharti ya amani ile: nisisimame kabisa, wala nisiketi.

Nyuma ya mlango Yudith alikuwa akikoroma. Muziki mzuri kuliko kinanda chochote.

Ndipo nilipokumbuka kikao.

Ole wangu! Kikao cha nyumba kumi kilikuwa siku hiyo, uani petu, na mimi mgeni, kwa mara ya kwanza tangu nihamie, nimeombwa kuhutubia. Mada: "Malezi Bora." Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima mbele ya kioo. Nikachungulia pazia. Wanakuja, wanaume kwa wanawake, wamejifunika makoti kwa ukungu, wakiongozwa na balozi wa nyumba hizo kumi, Mzee Athumani, na kila kifua, nilijua, kimebeba shikamoo moja iliyojaa hadi mdomoni. Wangefika langoni, wangeifyatua kama nilivyowafunza, na ingepasua dirisha la chumba cha Yudith.

Shauri likawa zito rohoni mwangu. Nikibaki ndani, heshima yangu imesalimika na binti yangu ameamka. Nikitoka, nitaonekana. Fundo langu la skauti lilikuwa limekaza kiasi ambacho hata kulifungua sikuweza. Basi nikafungua kufuli, nikatoka nje nikiyumba, kidole mdomoni, leso ya zambarau kifuani, nikawakabili njiani kabla hawajafika langoni.

Wakaganda. Mzee Athumani alikuwa ameshavuta pumzi ya shikamoo, nikamwona anaimeza.

"Mgosi," akanong'ona, kama Washambaa wanavyomwita mwanamume wa heshima, "kuna msiba?"

"Hakuna."

"Huku kwetu mwanamume akibeba mtoto mgongoni, watu huuliza mama amefariki lini."

"Mama amelala," nikanong'ona. "Usiku yuko wodini na leo hajalala. Nawasihi, ndugu zangu, msiniamkie. Mtu yeyote asiniamkie."

Bi Hamida, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Tanga, ambaye ulimi wake haukupata kulazwa hospitali, akanizunguka taratibu, akanitazama mbele na nyuma.

"Hongera ya uzazi, Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto kafanana na wewe. Umekunywa uji?"

"Nimekunywa, ahsante."

"Basi usiinue vitu vizito."

Wakacheka kwa mabega tu, kimya kimya, watu wazima wakiwa wameshikana ili wasianguke. Sikuwahi kuchekwa kwa adabu kubwa namna ile.

Kikao kikafanyika kwa kunong'ona. Wengine wameketi nyasini, mimi nikitembea mbele yao huku na huku kama askari wa zamu. Likaletwa shauri la mfereji wa maji, lililokuwa limeshindikana vikao vyote kwa sababu ya kelele. Na kwa kuwa ni vigumu mno kumtukana mtu kwa mnong'ono, likakatwa kabla sijapita mara nyingi. Kisha balozi akanipa nafasi. Hotuba yangu ilikuwa na utangulizi, sehemu nne na hitimisho. Nikanong'ona, "Mtoto ni mche," nikayumba, "nao mche unahitaji mti wa kuuegemea."

"Haisikiki!" akanong'ona Bi Hamida kutoka nyuma.

"Lakini inaonekana," akamjibu Mzee Athumani.

Hapo ndipo adui mkuu akatokea. Kwenye kijia cha juu, akishuka na mkongojo wake, alikuja Bibi Marta, mkongwe kuliko sisi sote, aliyebatizwa wakati wa Wajerumani, na kiziwi kama jiwe la kusagia. Mtu pekee katika nyumba kumi ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Nami ndiye niliyetangaza kwamba shikamoo isiyosikika ni tusi. Na Bibi Marta, ili asikie, huhitaji shikamoo ya kuangusha maparachichi.

Akafika, akasimama mbele yangu, akangoja. Watu wote wakanitazama. Nikafikiri juu ya kikombe cha dawa mbele ya kitanda kisicho chake. Nikakunja goti moja, ambalo halikuwa limekunjwa nje ya kanisa tangu mwaka wa njaa, kisha la pili, taratibu, mtoto akielea mgongoni kama jahazi bandarini. Nikanyosha mikono yote miwili, nikamshika miguu yule mama, kama walivyofanya babu zetu kabla hatujajifunza kuifupisha heshima kuwa neno. Sikusema kitu.

Bibi Marta akatazama chini. Akaona kichwa cheupe, na nyuma yake kichwa cheusi. Uso wake ukakunjamana kwa furaha. Akaniwekea kiganja utosini, akafumbua kinywa, na kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe akanguruma:

"MARAHABA, MWANANGU! MARAHABA SANA!"

Kunguru wakaruka kutoka kwenye mkaratusi. Mbwa wa mtaa wa pili akabweka. Mzee Athumani akafumba macho kama mtu anayesubiri kupigwa.

Fanueli, kama nilivyosimuliwa baadaye, akafumbua jicho moja. Akamtazama Bibi Marta. Akaisikia, nadhani, sauti ya wanawake wa milima ile, sauti ya akina Yunis wakiitana toka shamba hadi shamba, ambayo ilikuwa imembembeleza tangu azaliwe. Akashusha pumzi ndefu. Kisha akanikojolea, kutoka katikati ya mgongo hadi mkandani, joto, bila haraka, akafumba jicho, akalala usingizi mzito kuliko wa kwanza. Na dirishani mkoromo wa Yudith ukaendelea vilevile. Yaani kampeni yangu yote ya kunong'onezana, amri zangu na mikakati yangu, ilikuwa bure. Mtoto hakuwa na ugomvi na kelele hata kidogo. Alichotaka ni mgongo.

Nilibaki pale chini, nimelowa, nimetiwa wakfu. Magoti yalikataa kunyanyuka. Balozi akanishika mkono mmoja na Bi Hamida mwingine.

"Polepole," akanong'ona Bi Hamida. "Mzazi huyu bado mbichi."

Wakaniinua. Wakaondoka mmoja mmoja kwa ncha za vidole, na kila aliyepita aliniinamia kichwa bila neno.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya msitu Yudith alipotoka, alama ya mto shavuni, nywele zimesimama. Akaniona nikitembea uani katika ukungu. Akalifungua lile fundo kwa meno, akampokea mwanawe, akaketi naye kizingitini.

"Nimeota, Baba," akasema polepole, kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza zamani. "Nilisahau kwamba watu huota. Nilikuwa Kisauni, darasani kwako. Ulikuwa unanikemea."

"Kwa kosa gani?"

"Sikumbuki. Lakini ulikuwa unanikemea kwa sauti ya chini sana, mpaka nikaona raha nikaendelea kulala."

Akala, akaoga, akavaa sare safi, akateremka kwenda zamu, na macho yake, niliyatazama, hayakuwa tena na pilipili.

Basi na ijulikane Kisauni na Lushoto, Horohoro na Mombo, na kwa vizazi vitakavyosoma historia ya nchi hizi zilizojikomboa: Jumamosi ile, katika nyumba ya kupanga, mtu mmoja wa ng'ambo alitwaa leso ya zambarau akaingia vitani, na siku hiyo, mbele ya mashahidi wa nyumba kumi, binti yake alilala hata akaota ndoto.