Pikapu Yangu Haina Choki

Jumanne, 9 Septemba 2025

Tumefeli. Nasema tumefeli kwa sababu aibu tuliipata wote wawili, mimi na pikapu. Mkaguzi aliingiza mrija kwenye ekzosi, akatazama kioo cha mashine, akarudi nyuma hatua mbili. Akaniuliza kama nachoma mkaa humo ndani. Moshi mweusi ti! Mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni alipandisha vioo vyake vyote vinne.

Nyumbani mke wangu Honorata hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mbaya. Alisema kwa upole kwamba amevumilia miezi tisa. Shuka zinanuka moshi, majirani hawamsalimii, na wazee anaowatunza kule Temple Hills wanamuuliza kama nyumba yake iliungua. Pikapu isipopita ukaguzi, Jumamosi saa sita mchana linakuja gari la kuvuta mabovu, linaipeleka kwenye chuma chakavu. Ameshapiga simu. Ameshapiga!

Niliinunua Desemba, kwa mzee mmoja Mmarekani wa Annandale. Ya mwaka 1982, rika langu kabisa. Ni kitu pekee hapa Marekani chenye jina langu, Laurean, peke yake. Nyumba imepangwa kwa jina la Honorata, umeme wa Honorata, hata kadi ya maktaba ya Honorata. Nilienda kukaa ndani ya pikapu mpaka chakula kikapoa. Roho iliniuma sana.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefungua boneti, natafakari, akapita Mwita. Anakaa ghorofa ya juu yetu, anaendesha gari la umeme, hajawahi kushika grisi maishani mwake. Akasimama, mikono mfukoni. Akasema moshi mweusi maana yake petroli imezidi. Akasema magari ya kabureta yana choki, kidude cha kuvuta asubuhi ya baridi, na usipokirudisha ndani injini inabugia petroli siku nzima. Akauliza choki yangu iko wapi.

Nilimcheka. Mimi, mtoto wa Bukoba, niliyelelewa na mjomba mwenye magari matatu! (Mawili yalikuwa hayatembei, lakini yalikuwa magari.) Nikamwambia pikapu yangu haina choki. Mle ndani kuna usukani, redio bubu, na kile kidude chini ya deshibodi ninachotundikia mfuko wangu wa chakula. Kizuri mno. Ukikivuta kinatoka urefu wa kidole, mfuko haudondoki hata kwenye matuta. Yule mzee wa Annandale alitaka kunieleza kazi ya kila kitu mle ndani, nikamkatiza kwa heshima. Magari nayajua.

Mwita akasema haya bwana. Sipendi watu wanaosema haya bwana.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango! Moshi ni vumbi lililopata moto, na vumbi huchujwa. Nilichukua stilwaya nane za Honorata za kusugulia sufuria, nikazishindilia kwenye ekzosi kwa mpini wa mwiko. Njiani gari lilikohoa, lakini moshi hakuna. Niliimba nyimbo za kwaya kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho.

Kituoni mkaguzi akaniambia nikanyage mafuta kidogo. Nikakanyaga. Paa! Stilwaya zikatoka zote kwa mpigo. Watu wawili wakalala chini. Moja ilimpata mkaguzi kwenye buti. Akaiokota, akauliza hii ni nini. Nikasema kipuri.

Tumefeli mara ya pili. Karatasi ya safari hii ina maelezo marefu ya mkono.

Jioni Honorata akaulizia stilwaya zake. Nikasema sijui. Akatazama ukoko kwenye sufuria, akatazama mwiko mweusi, akanitazama mimi. Nikaenda kulala bila kuambiwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Kesho saa sita.

Nilimpigia Gédéon, mwenzangu wa kwaya, aliyekuwa na teksi Uvira. Akasema kule kwao, kabla ya kontrole, yaani ukaguzi, watu walitia pombe kali kwenye tenki, inasafisha moteri. Kisha akasema yeye hajasema kitu, yeye ni mtu wa kanisa.

Kabatini kuna chupa ya pombe ya ndizi, ile kali, aliyotuletea Shangazi Flaviana kutoka Bukoba. Honorata anaitunza kwa ajili ya posa ya binti yetu Elsa. Elsa ana miaka kumi na mmoja, kwa hiyo muda upo. Niliimimina yote kwenye tenki, nikajaza chupa maji, nikairudisha mahali pake.

Jumamosi, 13 Septemba

TUMEPITA!

Ngoja niandike kwa utaratibu. Yule mkaguzi wa buti aliponiona tu, akaenda kunywa kahawa. Akaja mwenzake, Makeda, Mmarekani mweusi, mama mtu mzima. Alinisikia nikiibembeleza pikapu kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiswahili! Kile cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Akasema gari langu linanukia ndizi. Nikasema ndivyo lilivyo.

Baada ya yale ya Alhamisi, alitaka kukanyaga mafuta mwenyewe. Alipoingia, goti likagonga mfuko wangu wa chakula. Akanipa niushike, kisha akakisukuma kile kidude ndani mpaka mwisho. Kitundikio changu! Mwenye mrija habishiwi.

Injini ikatulia. Ikaunguruma polepole kama paka aliyeshiba. Nikajua pombe imeingia damuni. Makeda akanieleza jambo refu huku akikionyesha kile kidude. Niliitikia ndiyo, ndiyo, macho kwenye kioo cha mashine. Moshi hakuna! Akanikabidhi karatasi, na mimi, mwanaume mzima, nikaegemea boneti nikalia. Makeda akaniambia pole ndugu, halafu akajisahihisha, akasema hongera.

Nilifika nyumbani saa sita kasorobo. Gari la kuvuta lilishafika, minyororo iko chini. Honorata aliisoma karatasi mbele na nyuma. Akamwomba radhi yule dereva, akamwambia aende zake. Akapanda pikapu kwa mara ya kwanza tangu Machi, akasema tuzunguke mtaa. Tulizunguka mara tatu, vioo wazi, hakuna aliyekohoa. Akacheka. Jamani, nilishusha pumzi niliyoibana tangu Jumanne.

Jumapili, 14 Septemba

Mwita alikuja kutupongeza. Honorata, kwa furaha, akaenda kabatini akatoa chupa ya Shangazi Flaviana. Yale maji yangu! Akammiminia glasi. Mwita akanywa, akanitazama kwa muda, akafumba macho, akasema kali kweli kweli. Kumbe hajui hata pombe, sembuse magari.

Jumatatu, 15 Septemba

Safari ya kazini. Mfuko wa chakula umedondoka mara mbili kabla ya taa za kwanza. Wali na maharage hadi kwenye pedali. Makeda ni mama mwema, lakini aliniharibia kitundikio. Nikasimama pembeni, nikakivuta mpaka mwisho, nikatundika mfuko. Umekaa vizuri sana.

Ila nilipopita Temple Hills moshi mweusi umeanza tena. Sikushangaa, pombe imeisha kwenye tenki. Nimeshamwandikia Shangazi Flaviana alete chupa sita.