Heringi, Mayai na Kalenda Yangu

Jumatatu, 23 Machi

Siku kubwa! Bodil, mwenye kiwanda, ametutangazia kwenye kahawa ya asubuhi kwamba kalenda ya posti za mtandaoni za mwaka mzima atapewa mtu mmoja tu. Ama mimi, ama Sidsel. Mwenye posti bora ya Pasaka ndiye atakayekabidhiwa ukurasa wa kiwanda chetu, Krogsminde, samaki heringi wa siki bora kuliko wote Jutland nzima, Denmark. (Maneno yangu. Bodil ameyafuta mara mbili. Anasema watu wa huku hatujisifu.) Atakayeshindwa anaenda kwenye mashine ya lebo.

Mimi ndiko nilikotoka, kwenye mashine ya lebo. Miaka na miaka nikibandika karatasi kwenye chupa. Sirudi ng'o!

Jumanne, 24 Machi

Sidsel ni msichana wa chuo, na ana kalenda yenye rangi tatu. Kijani mapishi, buluu wavuvi, njano hadithi za zamani. Nimemwambia nzuri sana. Moyoni nikasema, subiri uone.

Nimetengeneza yangu. Rangi kumi na moja! Zambarau nimeshasahau ni ya nini, lakini inapendeza.

Posti yake ya Pasaka ni heringi wa bizari juu ya mkate mweusi, na nusu yai la kuchemsha. Basi! Nimepiga miayo kwa sauti ili Bodil asikie. Bodil akaniuliza kama silali vizuri nyumbani.

Jumatano, 25 Machi

NIMEPATA!

Nimemkuta Tove, mke wangu, mezani na mkasi, anawakatia wapwa zake barua za fumbo za Pasaka. Nikapiga kelele mpaka kahawa ikamwagika. Krogsminde itawatumia wafuasi wake wote barua ya fumbo! Karatasi ya nakshi, shairi, ua jeupe linalochungulia kwenye theluji, na mahali pa jina, nukta tupu. Sheria anaijua kila mtoto wa chekechea: ukishindwa kumkisia mtumaji, unadaiwa yai la chokoleti. Ukimjua, analipa yeye.

Wafuasi elfu tisa. Watashindwa wote! Watakuja kiwandani na mayai yao, na wakishafika watanunua heringi kwa aibu. Mimi ni hatari.

Ijumaa, 27 Machi

Shairi limekamilika:

Nimetoka baharini, nikalala kwenye siki,
jina langu ni la siri, kulikisia ni dhiki.

Tove ameuliza watu wataisomea wapi barua hii. Nikamwambia, kwenye ukurasa wetu, wapi tena? Akanitazama. Akasema anakwenda kumwagilia maua. Ubunifu umemzidi, maskini.

Nimemwomba Bodil anitengee nafasi kwenye chumba cha baridi kwa ajili ya mapato ya Pasaka. Akasema mapato gani. Nikakonyeza jicho. Hakukonyeza.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Posti imejirusha yenyewe asubuhi kama nilivyoipanga. Sijakaa hata kitini, jibu la kwanza limeingia: ni Krogsminde, naomba yai langu. Nikasema huyu mmoja ni mjanja tu.

La pili: jamani, jina si liko hapo juu?

La tatu lilikuwa picha ya kikapu kitupu.

Nikaufungua ukurasa. Juu ya nukta zangu nzuri, kwa herufi nene, pembeni ya picha ya samaki wetu: KROGSMINDE. Lo! Lo, lo, lo!

Ibada ilipokwisha nusu ya Jutland ilikuwa imeshakisia. Mchungaji mwenyewe kaandika, anataka la chokoleti nyeusi. Tove anasema alidhani ndio utani wenyewe. Nimekosa hamu ya kula. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Jumatatu, 30 Machi

Nimepata dawa. Kama tatizo ni jina, basi jina liondoke! Nimeingia asubuhi na mapema nikaubadilisha ukurasa uitwe "Siri".

Majibu yaliyofuata: Hujambo Siri, wewe ni Krogsminde, sasa tunataka mayai mawili.

Nikajaribu kurudisha jina. Mtandao ukanijibu kwamba jina likishabadilishwa halibadilishwi tena mpaka upite muda. Kwa hiyo wiki ambayo Denmark nzima inakula heringi, heringi wetu anaitwa Siri. Sidsel kacheka mpaka akakalia kreti ya vitunguu. Bodil hakucheka. Amesema barua ya fumbo ni barua ya fumbo, ukijulikana unalipa, na babu yake hakuanzisha kiwanda hiki ili mjukuu akimbie mayai. Kisha akasema Pasaka ikipita na watu wamekasirika, hata kwenye mashine ya lebo nisitafute nafasi. Ejnar, akasema, nakupenda, lakini unanichosha.

Nimeogopa kweli. Nikaenda chooni nikaogopa huko.

Jumatano, 1 Aprili

Siku ya wajinga! Mungu hamtupi mja wake. Nimeandika kwamba yote yalikuwa mzaha wa tarehe mosi. Watu wakauliza mbona mzaha ulitoka Jumapili. Mmoja akasema kwa usumbufu huu anamleta na mama mkwe, naye apate yai.

Nimezunguka maduka yote ya mjini. Chokoleti imeisha. Amebaki sungura mmoja wa chokoleti, sikio limevunjika. Nimemnunua hata hivyo.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Sikukuu, lakini nikaja kiwandani kuchungulia. Getini watu, wadai wa mayai! Wamekuja na viti vya kukunja, chupa za kahawa, blanketi za magotini, wamejipanga mstari ulionyooka bila kuambiwa. Nikajificha nyuma ya mapipa ya siki.

Sidsel ndiye aliyeniona. Akasema, toka huko wewe, umetutia mashakani halafu unanusa siki? Alikuwa na gari la jirani yake mfuga kuku, limejaa mayai mpaka mlangoni. Akamwambia Bodil kwamba sheria inasema yai, na yai la kuku nalo ni yai. Tukawasha masufuria makubwa ya kiwanda. Bodil akatoa meza na bendera ndogo za karatasi. Kila aliyefika alipewa haki yake: yai, nusu yake imekaa juu ya heringi wa bizari, juu ya mkate mweusi. Mapishi yaleyale niliyoyapigia miayo.

Kumbe matamu!

Mimi nilipewa kazi ya kumenya. Nimemenya mpaka kucha zikauma. Mchungaji akaleta kinywaji kikali, wazee wakaanza kuimba, mwanamke mmoja kutoka kisiwani akanikumbatia akaniita Bwana Siri. Jua likatoka! Kwenye duka la kiwanda hakikubaki hata kifuniko. Nimefurahi kuliko siku niliyooa. (Tove asisome hapa.) Yule sungura nimempa Bodil. Akamtazama sikio, akacheka mpaka machozi.

Jumanne, 7 Aprili

Uamuzi umetoka. Kalenda ni ya Sidsel. Mimi kesho asubuhi narudi kwenye mashine ya lebo.

Iliniuma, sitaficha. Lakini sikiliza: Sidsel mwenyewe ameniombea kisanduku kimoja cha kalenda kila mwezi! Kwa sharti kwamba anasoma kwanza kabla posti haijatoka. Nimekipaka zambarau. Huku ni kupanda cheo, ukiangalia vizuri.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo ni siku ya kuzaliwa ya Sidsel. Ameleta keki ya tabaka tatu, krimu na matunda, maana huku kwetu mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayelisha wenzake, haijalishi wako wangapi. Nimekula vipande vitatu na kumpigia makofi.

Nikiwa na kipande cha tatu mdomoni, wazo likaja! Nimekwenda kuangalia lebo zetu, zenye tarehe ya kuanzishwa: Krogsminde inatimiza miaka tisini mwezi Mei! Nimejaza kisanduku changu palepale: "Ni siku yetu ya kuzaliwa! Njooni wote, na majirani, na marafiki wa majirani!" Sidsel alikuwa bado anaosha sahani, sikutaka kumsumbua kwa kusoma. Posti imeshatoka. Wafuasi sasa ni elfu ishirini, na wote wanakuja na zawadi.

Safari hii hatulipi hata yai.